Mgongo wa Mkeka

Mkeka haupimwi ukiwa umetandikwa. Ukiwa chini, uso juu, umeandaliwa kukupendeza: rangi zimepangana, mistari imenyooka, ncha zote zimefichwa. Mjuzi huushika pembe moja, akaugeuza, akapitisha kiganja mgongoni polepole. Huko nyuma ndiko yaliko maungo, kila mahali chane moja ya jani ilipoishia na nyingine ikaingizwa, kila mahali uzi ulipokamata utepe huu wa ukili na ule. Mgongo ukichoma kiganja, kazi ilifanywa mbiombio. Mgongo ukipita laini toka pindo hadi pindo, nunua, na usibishane sana na mwenye mali.

Kipimo hicho ni cha akina mama wa Wema, kijiji cha Wapokomo kilichoko ukingo wa mashariki wa Mto Tana, jirani na Hewani na Kulesa, si mbali na mji wa Garsen. Mimi nimekichukua nikakitumia pia kwa jambo jingine. Miradi ya jamii katika miji midogo ya Pwani nayo ina uso na mgongo. Uso ni kile kibao cha bati kando ya barabara chenye jina la mradi, nembo ya mfadhili na mwaka wa kuzinduliwa. Mgongo ni daftari la mahudhurio, ni ufunguo wa stoo na nani anaushika, ni namna wanachama walivyoungana tena baada ya mwenyekiti wa kwanza kuhama au kufa. Msafiri anayepita kwa gari huona vibao tu. Ukitaka kujua zaidi, inabidi ushuke, uombe kiti, na usiwe na haraka ya kuondoka.

Safari yenyewe hadi Wema si ngumu siku hizi. Ukitoka Mombasa kuelekea kaskazini, kituo cha kwanza kinachostahili kusimama ni Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Hapo pana mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993. Wakulima wanaopakana na msitu hufuga viwavi majumbani, wakawalisha majani ya miti ya msituni, na kiwavi anapojifungia ndani ya ganda lake, ganda hilo huuzwa ng'ambo kwa wenye bustani za vipepeo. Kazi yote iko kwenye muda. Ganda halisubiri mtu. Lazima lifike Ulaya kabla kipepeo hajatoka, la sivyo mnunuzi atafungua sanduku akute mbawa zilizokunjamana. Mfugaji hujifunza kuhesabu siku za kila aina, kujua ni jani gani linaliwa na kiwavi yupi, na kukagua nyavu zake asubuhi kabla siafu hawajazigundua. Tena msitu ukikatwa, majani hayapo na biashara imekufa. Basi mfugaji wa vipepeo ni mlinzi wa msitu hata asipoitwa kwenye semina.

Nimeutaja mradi huo kwa sababu umedumu kuliko miradi mingi ya rika lake, na sababu yake inaonekana: umejengwa juu ya kitu ambacho mikono ya watu inaweza kukifanya kila siku bila kungoja mtaalamu. Ukiondoka Malindi, ukayapita mashamba ya chumvi ya Gongoni, nyika inafunguka, nyumba zinakuwa chache, na vibao vya miradi vinazidi kuwa vya zamani. Vingine vimeliwa na kutu hata jina halisomeki. Kufika Minjila, njia ya Lamu inachepuka kulia. Ukienda mbele kidogo uko Garsen. Ili kufika Wema unavuka mto, ukaiacha lami, ukafuata njia ya udongo ambayo kiangazi ni vumbi na masika ni tope jeusi linalong'ang'ania gurudumu.

Hiyo ndiyo delta ya Tana. Mto huu unaoshuka kutoka Aberdare na Mlima Kenya, wenye urefu wa kilomita 1,000 hivi, unapokaribia bahari hupoteza haraka na kujitawanya: vijito, maziwa, mabwawa, nyanda za majani na misitu myembamba kandokando ya maji. Mwaka 2012 hekta 163,600 za eneo hilo ziliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Kwa wenyeji umuhimu wake ulijulikana zamani. Mpokomo hupanda mpunga pale maji yanapopanda na kushuka, ndizi na miembe kwenye kingo zilizoinuka. Muorma na Mwardei huleta ng'ombe malishoni nyika inapokauka. Mwaka huo huo wa 2012, kugombea maji na malisho na mashamba kuligeuka damu, na watu zaidi ya 100 waliuawa katika vijiji vya delta kwa muda wa majuma machache. Hakuna anayetembelea vikundi vya huku asiyekutana na kumbukumbu hiyo, japo watu hawaitaji ovyo.

Pana kumbukumbu nyingine ya mgongo usiokaguliwa. Serikali, kupitia TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi, na kwa fedha kutoka Japani, ilijenga hapa mradi mkubwa wa kumwagilia mpunga, wenye mfereji mkuu na tuta refu la kuzuia mafuriko. Ulikuwa na uso wa kupendeza kweli. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipokuja, mto ulivunja tuta na kuharibu mifereji, na mashamba yakakaa miaka mingi bila kulimwa ipasavyo. Mto Tana hauzuiliwi kwa urahisi. Watu waliokaa nao kwa vizazi wamezoea kuupisha: unapanda hapa mbegu inayostahimili maji marefu, pale mbegu inayoiva upesi, na shamba lingine juu kwenye mchanga endapo yote mawili yatasombwa. Kamba hukatikia pabovu, na mzee wa delta huanza kutafuta pabovu kabla ya kufunga.

Kwenye kingo hizohizo, kati ya shamba na maji, ndiko unakoota mkindu. Ni mti wa jamii ya mtende, mwembamba, wenye kupenda unyevu na kusimama kwa vichaka, mashina kadhaa kutoka mzizi mmoja. Matunda yake madogo ya rangi ya machungwa huliwa na watoto, ndege na nyani. Mashina yake hujengea. Utomvu wake hugemwa tembo. Na majani yake machanga, ndiyo ukindu, ni mali ya mwanamke anayesuka.

Kuvuna ukindu ni kazi ya kwanza na ndiyo inayomtenga mjuzi na mwanafunzi. Jani linalotakiwa ni lile la katikati ambalo halijafunguka, limejifunga kama limekunjwa na mtu, likiwa bado na rangi ya maziwa kwa ndani. Likishafunguka na kuwa kijani limekomaa, halifai tena kwa mkeka mzuri, litakatika likipindwa. Chini ya jani hilo mti umeweka ulinzi: vijiti vya chini vya makuti vimegeuka miiba mirefu inayoingia kwenye kiganja na kuvunjikia humo. Mvunaji huingiza mkono kwa ubavu, akainamisha jani, akalikata juu ya kiini. Kiini hakiguswi. Akikikata, shina hilo limekwisha.

Bibi mmoja tuliyefuatana naye hadi mtoni alikata jani moja kwenye kila shina na kuendelea. Palikuwa na shina moja lenye majani mawili machanga, yote mazuri, naye alilichukua moja tu.

"Bibi, mbona hilo la pili umeliacha, na ndilo refu?"

"Hilo ni la mvua ijayo, mwanangu. Nikichukua yote leo, kesho nitasuka nini, miiba?"

Alisema hivyo bila kugeuka, panga mkononi, akatafuta kichaka kingine. Hapo nilipata somo zima la uhifadhi kwa sentensi mbili. Mwaka 1992 mtafiti Margaret Kinnaird alichapisha utafiti kuhusu mti huuhuu juu zaidi ya mto, akionyesha jinsi watu na mangabei wa Mto Tana, tumbili adimu asiyepatikana porini kwingine duniani, wanavyoutegemea mkindu mmoja. Tumbili anataka tunda, mtu anataka jani, shina na utomvu. Kati ya matumizi hayo ya mtu, jani ndilo linaloweza kuchukuliwa na mti ukabaki. Ukikata shina, umemaliza. Msusi anayeacha kiini anamwachia tumbili chakula, hata kama hajawahi kumfikiria tumbili.

Nyumbani, majani hufunguliwa na kutandazwa juani. Huanikwa siku kadhaa, hugeuzwa, na usiku huachwa yapate umande, kwa kuwa jua na umande kwa zamu ndivyo vinavyoufanya ukindu uwe mweupe. Mvua ikinyesha ghafla mji mzima unakimbia: ukindu ulioloa unaota madoa meusi ambayo hakuna rangi itakayoyafunika. Ukishakauka hufungwa vicha na kutundikwa mahali penye kivuli, juu, mbali na mchwa.

Kisha inakuja kazi ya kuchana. Kila kijani, jani dogo la kuti, kina uti wa katikati, huo hutolewa. Kilichobaki hupasuliwa kwa ukucha wa kidole gumba, au kwa ncha ya sindano, kikawa chane zenye upana mmoja. Nilijaribu kutazama ni nini hasa kinachoongoza ukucha huo. Hakuna rula, hakuna alama. Bibi aliweka kijani kwenye goti, akachoma ncha, akavuta, na chane nne zikatoka sawasawa, huku yeye akiongea na jirani kuhusu mjukuu aliyekataa kwenda shule. Chane pana hutoa mkeka wa upesi. Chane nyembamba hutoa mkeka wa heshima, na kazi huongezeka maradufu, kwa sababu eneo lilelile sasa linataka nyuzi nyingi zaidi. Mnunuzi asiyejua hutazama rangi. Mnunuzi anayejua hutazama upana wa chane kwanza.

Rangi nazo zina mambo yake. Zamani, pwani nzima, weusi wa mikeka ulitoka kwenye mizizi ya mdaa, na umanjano kwenye bizari ya manjano. Siku hizi unga wa rangi hununuliwa dukani kwa paketi ndogo. Maji huchemshwa kwenye sufuria iliyotengwa kwa kazi hiyo tu, rangi ikakorogwa na chumvi, vicha vikatumbukizwa na kugeuzwageuzwa kwa kijiti mpaka viwe vimekunywa sawasawa. Zambarau, kijani na wekundu ndizo zinazopendwa sana. Lakini nusu ya ukindu, au zaidi, huachwa mweupe kama ulivyo, kwa kuwa rangi huonekana kwa kukaa kando ya weupe. Mkeka uliojaa rangi tupu ni kazi ya mtu aliyejaribu kuficha madoa.

Sasa kusuka. Msusi haanzi na mkeka. Anasuka ukili, utepe mrefu wenye upana wa vidole vichache, ambao baadaye utashonwa kwa kuzungushwa na kupangwa ubavu kwa ubavu mpaka upatikane mkeka mzima. Chane hushikwa kwa idadi, zikapishana mbili juu mbili chini, kwa mshazari, na kila inayofika ukingoni hupindwa na kurudi ndani. Vidole gumba viwili hufanya kazi ya kubana. Vingine hupokea na kupitisha. Ukikaza mno, ukili unajikunja kama gome. Ukilegeza, unapata matundu na mchanga utapita. Mkono wa mjuzi una mkazo mmoja asubuhi na jioni, akiwa na furaha au akiwa na msiba, na hilo ndilo jambo gumu kuliko yote kufundisha. Mwanafunzi husuka vizuri pima moja, akachoka, na pima ya pili ikasimulia uchovu wake.

Kila baada ya muda chane huisha. Hapo ndipo penye siri. Msusi hachukui chane mpya na kuifunga fundo kwa ile ya zamani, fundo lingevimba. Huilaza mpya juu ya inayokwisha, zikaenda pamoja kwa mapito machache, kisha ya zamani ikaachwa itokeze nyuma na mpya ikaendelea peke yake. Uso hauonyeshi chochote. Nyuma kumebaki ncha mbili ndogo zitakazokatwa kwa wembe mwishoni. Ukizikata fupi mno, muungo utafumuka siku mkeka utakapokunjwa. Ukiziacha ndefu, zitachoma mgongo wa anayelala. Tena maungo hayaruhusiwi kukutana mahali pamoja. Chane mbili jirani zikiisha kwa wakati mmoja, msusi hodari huikata moja mapema, akapoteza kipande cha ukindu, ili muungo wake usogee mbali na wa mwenzake. Nilimwona bibi akifanya hivyo na kukitupa chini kipande kizuri cha rangi bila kusita. Huwezi kuuona uamuzi huo kwenye mkeka uliokwisha. Utauona baada ya miaka kumi, mkeka ukiwa bado mzima.

Ukili hukunjwa kuwa duara kubwa linalobebwa kwapani, na kazi huendelea popote: barazani, kwenye zamu ya maji, kwenye kilio, njiani. Hupimwa kwa pima, mikono miwili ikinyooshwa. Ukitosha, huja kushona. Sindano ni shazia, ndefu na nene, na uzi ni ukindu uliosokotwa au chane imara. Mshonaji huweka kingo mbili pamoja, akapitisha shazia chini ya mapindo ya ukili wa kwanza na wa pili kwa zamu, akavuta mpaka mshono uzame usionekane. Mistari ya rangi lazima ikutane. Ikipishana hata kidogo, mshono mzima hufumuliwa. Wapo wasusi wazuri wasioweza kushona, na wapo washonaji ambao vijiji vya jirani huwaletea ukili wao.

Kwa mkulima wa mpunga, kazi hii haiko mbali na shamba. Miyaa, majani ya mkoma unaoota nyikani, ni magumu kuliko ukindu, nayo husukwa majamvi, makanda na vikapu. Mpunga unapovunwa huanikwa juu ya majamvi, hupepetwa juu ya majamvi, huwekwa ndani ya makanda. Mgeni huketishwa kwenye mkeka, bibi harusi hupelekwa nao, mgonjwa hulazwa juu yake, na maiti hutoka nyumbani juu yake. Majirani zao Waorma nao, ambao nyumba zao za duara hufunikwa kwa majani na mikeka, wana wanawake wenye vidole vya kazi hiyohiyo kwa mitindo yao. Na ng'ambo ya bahari, Oman, ukili husukwa kwa majani ya mtende na kushonwa kwa utaratibu ambao msusi wa Wema angeutambua mara moja. Mwaka 2019 UNESCO iliorodhesha maarifa na ufundi wa mtende wa nchi kadhaa za Kiarabu, Oman ikiwemo, kuwa urithi wa ubinadamu.

Kikundi kinapoundwa juu ya ufundi wa namna hii, kinaanza na mtaji ambao hakuna mfadhili anayeweza kuuleta wala kuuondoa. Ndivyo nilivyokiona kikundi kimoja cha akina mama kinachokutana chini ya mwembe. Kila mmoja husuka nyumbani kwake, na siku ya mkutano huleta duara lake la ukili. Katibu ana kijiti alichokikata kwa upana uliokubaliwa. Ukili hupimwa kwa kijiti hicho, ukizidi au kupungua mwenyewe anarudi nao. Hakuna anayekasirika, maana kijiti hakina shangazi wala mkwe. Zinazofaa huandikwa daftarini kwa pima, jina kwa jina, na hupewa washonaji wawili. Mkeka ukiuzwa, fedha hugawanywa kwa kufuata pima, mshonaji akapata lake, na sehemu ikaingia kwenye sanduku. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa wanawake watatu wanaokaa pande tofauti za kijiji.

Niliomba kuona daftari, nikaruhusiwa. Kurasa zake zimevimba kwa unyevu. Kuna mwezi mzima usio na maandishi, ila mstari mmoja wa kalamu ya risasi: maji. Mwishoni mwa 2023, na tena katika masika ya 2024, mafuriko ya Tana yalihamisha maelfu ya watu wa kaunti hii na kukata barabara ya Lamu. Wanawake wale walikaa kambini sehemu za juu, ukindu waliouhifadhi ukaoza, sanduku likabebwa na mmoja wao kichwani. Baada ya mstari ule wa maji, orodha inaanza upya, na majina ni yaleyale isipokuwa mawili. Aliyefariki ameandikwa, na chini yake, kwa mwandiko wa mtu mwingine, limeingizwa jina la binti yake. Huo ndio mgongo niliokuwa nautafuta njia nzima kutoka Mombasa.

Nisiwapake mafuta. Kikundi kina shida zake, na iliyo kubwa ni soko. Mikeka ya plastiki ya kiwandani imejaa maduka ya Garsen na kila mji mdogo wa Pwani. Ina maua, inafuliwa, bei yake ni ya chini, na kijana anayeoa leo anaona ndiyo ya kisasa. Mwaka 2017 Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, wasukaji wa vikapu walipata upenyo, kwa kuwa watu walihitaji cha kubebea sokoni. Mkeka haukupata bahati hiyo. Mchuuzi huja kijijini, huchukua mikeka kwa bei ya kutupa, na mkeka huohuo ukifika kwenye duka la watalii hupewa bei nyingine kabisa. Chukua anacholipwa msusi, ukigawe kwa siku za kuvuna, kuanika, kuchana, kutia rangi, kusuka na kushona. Hata kibarua wa shamba angeukataa ujira huo.

Shida ya pili ni mkindu wenyewe. Mabwawa ya umeme yaliyojengwa juu ya mto, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Masinga mwaka 1981 na Kiambere baadaye, yamebadilisha namna maji yanavyoteremka, na misitu ya kingoni inaishi kwa mafuriko. Mashamba nayo yanasogea hadi ukingoni. Vichaka vilivyokuwa hatua chache kutoka nyumbani sasa vinafuatwa mbali. Tangu Mahakama Kuu ilipotaka, mwaka 2013, delta iwe na mpango wa matumizi ya ardhi unaowashirikisha wenyeji, na mpango huo ukaandaliwa, kumekuwa na kamati za vijiji, mizinga ya nyuki, upandaji wa mikoko kule Kipini. Ni kazi njema. Ningependa kuona mkindu nao ukipewa kitalu chake, maana huota kwa mbegu na kwa machipukizi, na hauombi zaidi ya udongo wenye maji na mtu wa kuuchunga ng'ombe asiule ukiwa mchanga.

Shida ya tatu ni muda. Msichana wa kidato cha tatu hana saa za kukaa kando ya bibi mpaka mkono wake upate mkazo mmoja. Bibi huanza kumfundisha kwa upepeo, kitu kidogo kinachokwisha kabla hamu haijaisha, kisha msala, mkeka baadaye sana. Wengi huishia kwenye upepeo. Hilo si kosa la wasichana. Kazi isiyolipa haiwezi kushindana na mtihani, na anayesema vijana wamepuuza asili yao na aanze kwa kununua mkeka mmoja kwa bei ya haki.

Maoni yangu ni haya. Katika njia nzima ya kutoka Mombasa hadi delta, miradi iliyosimama ni ile iliyoanza kwa kuuliza watu wanajua kufanya nini, ikakaa chini na kujifunza kazi hiyo hatua kwa hatua, ndipo ikaongeza kile kilichopungua: soko, kitalu, stoo isiyofikiwa na maji. Iliyoanguka ilikuja na jibu. Kwa hiyo wewe mwenye fungu la fedha, wa kaunti au wa shirika, kabla hujaleta cherehani ishirini Wema, uliza ukindu unavunwa wapi na umebaki kiasi gani, uliza nani anashona, uliza funguo ziko kwa nani. Lete banda la kuanikia lenye sakafu ya juu ya maji na mnunuzi anayelipa kwa wakati, mengine wanayaweza. Na wewe msafiri unayekwenda Lamu, ukifika Minjila shuka. Vuka uende vijijini, ugeuze mkeka, upapase mgongo, na ukiukuta laini, mlipe mama bei aliyoitaja.